Doa kwenye Jilbabu Nyeupe

Ngara,
Jumanne, 11 Februari 2025

Kwa fundi wangu Mama Mwihaki,

Salamu nyingi kutoka dukani. Mfuko alioleta Tobias na pikipiki yake umefika. Jilbabu thelathini nyeupe za kusalia, zote zimetimia. Mapindo yako hayana mshindani hapa Ngara, na hilo nalisema mbele ya yeyote. Ramadhani yabisha hodi na wateja hawanipi nafasi ya kunywa maji. Nataka nyingine ishirini kabla mwezi haujaandama.

Kuna jambo moja nimeona niliandike, kwa kuwa kwenye simu ningelisema mbele ya watu. Jilbabu moja imerudishwa. Mama aliyeinunua aliikunjua kwake akakuta doa la damu upande wa nyuma, upana wa kiganja cha mtoto. Nguo ya kusalia haiwezi kuwa na damu. Nimempa nyingine, nikamwomba radhi.

Sikulaumu, fundi. Tumefanya kazi miaka sita, wewe Mkikuyu wa Mountain View na mimi Mswahili wa Lamu, na hatujawahi kugombana ila kwa ajili ya ile mikono arobaini ya kanzu niliyokuagiza kwa simu ukaisikia vibaya. Tangu siku hiyo nabandika karatasi ya oda kwa pini, nawe wajua kwa nini. Nataka tu kujua damu hii imetoka wapi.

Nakurudishia nguo yenyewe. Nimeikunja peke yake.

Zainab binti Idarus

*

Mountain View,
Jumatano, 12 Februari 2025

Bi Zainab,

Natumaini u mzima wa afya. Jina langu ni Mwihaki, mtoto wa mwisho wa Muthoni, fundi wako. Nilimaliza kidato cha nne Novemba iliyopita na sasa namsaidia Mama kushona. Karatasi unazobandika mimi ndiye ninayemsomea, kwa sababu macho yake hayashiki tena maandishi ya kalamu. Ya jana sikumsomea yote. Nilifika kwenye jilbabu ishirini nikanyamaza.

Damu ile ni ya Mama.

Stima ikipotea, pasi haifanyi kazi. Basi Mama hukunja nguo zilizokwisha, huziweka kitini na kuzikalia huku akiendelea kushona nyingine, ili mikunjo ishike. Alifundishwa hivyo na mama yake huko Dagoretti. Wiki ile stima ilipotea siku mbili.

Mama ana miaka hamsini na saba. Mambo ya mwezi yalimwisha nikiwa darasa la sita, najua kwa sababu alinipa sodo zilizobaki akasema, "Chukua, mimi nimestaafu." Tangu Desemba yamerudi. Nilianza kuona sodo zangu zinaisha kabla ya wakati. Kisha nikakuta vitambaa chini ya kitanda, amevikata kutoka kwa mabaki ya nguo zako, amevifua na kuvianika mahali ambapo jua halifiki. Nilipomuuliza, alikunja shuka polepole, akasema, "Ni ujana umenikumbuka. Ukiambia mtu, wewe si mtoto wangu."

Baba alifariki miaka minne iliyopita. Mama ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake kanisani. Anaogopa watasema mjane hawezi kutokwa damu bila mwanamume, au kwamba alikuwa na kitu akakitoa.

Sijui nimuulize nani. Nilifikiri nikuulize wewe kwa sababu hukai kanisani kwetu.

Nimeisoma tena barua hii. Naona aibu kana kwamba nimemvua Mama nguo barabarani. Siitumi. Nitaiweka kwenye kopo la bobini za mashine, chini kabisa.

Mwihaki

*

Mountain View,
Ijumaa, 14 Februari 2025

Bi Zainab,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni Mwihaki, binti ya fundi wako.

Kuhusu ile jilbabu, kosa ni langu. Nilijichoma kidole na sindano ya mashine nikaishika nguo kabla ya kuangalia. Nimeifua kwa maji baridi na chumvi. Doa limetoka ila kumebaki kivuli, kwa hivyo siirudishi. Tutakushonea nyingine.

Naomba usimwambie Mama kwa simu. Simu ni moja hapa nyumbani, huwa juu ya mashine, na ujumbe wowote ukiingia anataka usomwe kwa sauti. Ukitaka kuniambia jambo, tafadhali andika kwenye karatasi ya oda kama kawaida.

Wako mtiifu,
Mwihaki

*

Ngara,
Jumanne, 18 Februari 2025

Mwanangu Mwihaki,

Mimi nimeshona miaka ishirini kabla ya kuuza. Damu ya sindano naijua. Hudondoka, tone hapa tone pale, na fundi aliyefundwa huipangusa na mate yake mwenyewe hapo hapo, ikatoka. Ile haikudondoka. Ile ilikaliwa.

Sikuandikii kukushika uongo. Ningekuwa nataka hivyo ningepiga simu. Nakuuliza kama ambavyo ningemuuliza binti yangu: ni wewe? Na ni ya siku zako, au yaja bila siku? Barua yako imeandikwa na mtu anayeogopa. Mtoto aliyejichoma kidole hajielezi mistari kumi.

Zainab

*

Mountain View,
Ijumaa, 21 Februari 2025

Bi Zainab,

Ni mimi.

Inakuja bila siku. Inakuja siku mbili, inakoma, inarudi siku tano. Ilianza Desemba. Haina maumivu. Wakati mwingine ni kidogo kama kutu, wakati mwingine ni nyingi. Nina miaka kumi na minane, na sijamwambia mtu yeyote.

Nakuomba msamaha kwa kusema uongo. Shuleni nilikuwa kiongozi wa maombi, na sikuzoea.

Mwihaki

*

Ngara,
Jumanne, 25 Februari 2025

Mwanangu,

Kwanza futa machozi. Nayaona mpaka hapa.

Kwetu hiyo damu ina jina lake. Kuna damu ya hedhi, ile ya kila mwezi, na kuna nyingine iitwayo istihadha, ijayo bila wakati wake. Wanawake walimwendea Mtume wakamuuliza juu yake, na hakuna aliyewacheka. Sisi tangu usichana hufundishwa kuhesabu, kwa kuwa sala na saumu zafuata hiyo hesabu. Mtu asiyehesabu haujui mwili wake. Basi chukua uzi mweupe. Kila siku ya damu, funga fundo. Kila siku kavu, ruka upana wa kidole. Usiandike popote, uzi hausomwi na mtu.

Pili, una miaka kumi na minane. Tumbo la uzazi la msichana bado lajifunza kazi, na mwanafunzi hukosea. Binti yangu mkubwa alisumbuka hivyo mwaka mzima, leo ana watoto watatu na kelele zao zanitoa roho. Nenda kliniki, mwombe nesi mwanamke, mweleze kama ulivyonieleza. Wakupime kama damu haijapungua. Kisha hesabu miezi mitatu tuone.

Haraka haina haja, kwa umri wako. Aibu nayo haina haja kabisa.

Zainab

*

Mountain View,
Ijumaa, 14 Machi 2025

Bi Zainab,

Natumaini saumu inakwenda vizuri. Samahani kwa kuchelewa.

Nilienda kliniki moja hapa Kangemi. Nesi alikuwa mwanamke lakini dirisha la kujiandikisha lilikuwa wazi na foleni yote ilisikia. Aliuliza, "Mara ya mwisho ulilala na mwanamume lini?" Nikasema sijawahi. Akaniangalia, akasema, "Wote huwa hivyo. Chukua hiki kikopo, choo kiko nje." Nilikuwa narudi na kikopo mkononi nilipokutana uso kwa uso na Mama Norman, anayeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu. Nilijaribu kukificha nyuma yangu. Aliangalia kikopo, kisha tumbo, kisha akasema, "Bwana asifiwe, Mwihaki." Nikajibu amina.

Nesi alisema sina mimba. Alinichoma kidole akasema damu yangu ni ya kutosha, hata ni nyingi kuliko yake. Nikaomba vidonge vya kuongeza damu hata hivyo. Akanipa vya mwezi mmoja. Akasema mambo haya kwa umri wangu hujirekebisha.

Uzi una mafundo kumi na moja.

Nina swali. Mtu akimeza vile vidonge, akaanza kupanda ngazi bila kupumzika, na akasema anajisikia vizuri, je, ni dalili kwamba damu inakaribia kukoma?

Mwihaki

*

Ngara,
Jumanne, 25 Machi 2025

Mwanangu Mwihaki,

Nimechelewa, utanisamehe. Wiki za mwisho za Ramadhani duka hugeuka soko la samaki.

Kupata nguvu ni jambo jema, lakini vidonge hujaza mtungi tu, havizibi ufa. Maadamu wamekupima na damu yako iko juu, nami moyo umetulia. Endelea na uzi wako. Huyo Mama Norman mwache na sauti yake ya kwanza.

Nikwambie kwa nini nilitulia haraka. Doa lile lilinitia hofu kuliko nilivyokuonyesha, mpaka uliponiambia ni lako. Dada yangu Ummulkheir, Mola amrehemu, siku zake zilikuwa zimekoma miaka sita. Kisha damu ikarudi. Haikumuuma. Alicheka, akasema ujana umerudi, akajipaka hina. Alikuwa anaona haya kumwambia hata mumewe. Alinificha mimi, mimi niliyelala naye kitanda kimoja tangu tuna meno ya utoto. Tulipomfikisha hospitali, daktari alisema damu ya mwanamke aliyekwisha kukoma haina udogo: hata tone moja ni la kupimwa. Angefika miezi sita mapema wangemkata uvimbe akarudi jikoni kwake. Tulimzika mwezi wa Shaban.

Kwa hivyo ungekuwa na umri wangu, ningefunga duka siku ile ile nije nikukokote kwa shungi lako. Lakini wewe ni kigori. Lala usingizi.

Zainab

*

Mountain View,
Ijumaa, 28 Machi 2025

Bi Zainab,

Nimeambatanisha barua niliyokuandikia tarehe kumi na mbili Februari. Isome kwanza hiyo, kisha urudi kwenye hii. Tobias nimemwomba asubiri jibu. Nimemwambia ni oda ya haraka.

Sasa umejua. Si mimi. Haijawahi kuwa mimi. Uliniuliza "ni wewe?" na Mama alikuwa amesimama nyuma yangu akipima mkono wa kanzu, nikaona kwamba nikiandika "ndiyo" mambo yote mawili yatawezekana: nitapata shauri lako, na Mama hatajulikana. Nilifikiri damu ni damu. Sikujua kwamba umri ndio unaobadilisha kila kitu. Mafundo ni ya vitambaa vyake, nimevihesabu kila asubuhi akienda kuoga. Vidonge nimekuwa nikimpa yeye, nikasema tulipewa bure kwenye mkutano wa vijana. Amevimeza bila kukosa. Alipata nguvu, akaniambia, "Unaona? Ningekimbilia hospitali ningekuwa nimejiaibisha bure."

Jana nilisoma barua yako mara nne. Pale uliposema dada yako alisema ujana umerudi, nilitoka nje nikakaa karibu na tangi la maji kwa sababu sikutaka Mama anione.

Kuna jambo jingine. Mama Norman alisema. Wiki mbili zilizopita Mama alirudi kutoka kanisani akasimama mlangoni bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Ulienda kliniki kufanya nini?"

Nikainama juu ya kitambaa.

"Mwihaki, uko na mimba?"

"Hapana, Mama."

"Basi ulikuwa nayo, ukatoa."

"Hapana."

"Na hiyo kikopo ilikuwa ya nini? Ya chai?"

Aliendelea kwa sauti ya chini, na ingekuwa afadhali angepiga kelele. Alisema amekaa mbele ya wale wanawake miaka tisa akiwafundisha jinsi ya kulea wasichana, na sasa wamemwambia auache uenyekiti kidogo mpaka nyumba yake itengenezeke. Wakati wote alikuwa ameshikilia meza ya mashine kwa mikono miwili. Nilijua kwa nini ameishikilia. Ilikuwa siku ya tatu mfululizo ya fundo. Ningeweza kusema, "Mama, kikopo kilikuwa chako." Sikusema. Tangu siku hiyo hunikabidhi sahani bila kuniangalia.

Aibu ya kusingiziwa nimeweza kuibeba, hata nilijivunia kidogo, nikafikiri nateseka kwa ajili yake. Hilo ndilo linaloniaibisha zaidi leo. Nilikuwa najiona mwema huku siku zikipita.

Tangu nikudanganye ni wiki tano. Tangu Desemba ni miezi mitatu na zaidi. Tafadhali niambie kama nimemuua Mama.

Mwihaki

*

Ngara,
Ijumaa, 28 Machi 2025, saa tisa alasiri

Mwihaki,

Tobias amekaa kwenye kizingiti anakula tende za watu waliofunga. Naandika upesi.

Nimekasirika. Sitakuficha, tumefichana vya kutosha. Umenifanya nimpe mgonjwa mmoja dawa ya mwingine, na kwa mkono wangu mwenyewe nimeandika "haraka haina haja". Maneno hayo nitayakumbuka. Lakini nami nilikosea. Nilimwona mtu kwenye karatasi nikadhani nimemwona. Ningekuja Mountain View siku moja tu, nikamtazama mamako usoni, ningejua.

Hujamuua mtu. Miezi mitatu si sita, na si kila damu ni ile ya dada yangu. Hilo ataamua daktari, si wewe wala mimi.

Sasa sikiza. Mlete dukani kesho saa nne. Mwambie nina kitambaa cha harusi kisichoweza kuingia mfukoni mwa Tobias, lazima akishike kwa vidole vyake. Kitambaa kweli kipo. Uongo uliobaki ndani yake ni wangu, nitaubeba mimi. Wewe utakaa mbele na wateja. Mimi na mamako tutakaa nyuma ya pazia.

Uzi wako usiuache nyumbani.

Zainab

*

Mountain View,
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Bi Zainab,

Pole kwa kunyamaza tangu Idi. Asante kwa mahamri, Mama alikula manne.

Sijui ulimwambia nini Mama nyuma ya lile pazia. Nilikuwa nauza mitandio na kutoa majibu ya uongo kuhusu rangi. Nilisikia Mama akisema, "Nani amekuambia?" kisha nikasikia mtu analia na sikuweza kutambua ni nani kati yenu. Alipotoka hakunitazama. Tulirudi nyumbani. Alipoketi tu kwenye mashine ndipo aliposema, "Ciru akipiga simu usimwambie bado." Ciru ni dada yangu wa Nakuru. Hapo nikajua kwamba tutaenda.

Nilidhani shida imekwisha, lakini hospitalini ilianza upya. Daktari wetu anaitwa Mutie, ni mwanamke, hana haraka. Alimwuliza Mama damu imekuja kwa muda gani. Mama alivuta sketi yake juu ya magoti akasema, "Ni siku mbili tu, daktari. Juzi. Hata imeisha."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Bi Zainab, unajua mimi si mtu wa kuongea. Darasani mwalimu alikuwa akiniuliza swali wenzangu wanageuka kusikia kama nina sauti. Nilitoa uzi mfukoni nikauweka juu ya meza, kwenye karatasi zake.

Daktari akauliza, "Hii ni nini?"

Nikasema, "Kila fundo ni siku. Nilianza tarehe ishirini na tano Februari. Kabla ya hapo sikuhesabu, lakini ilianza Desemba."

Daktari aliunyoosha uzi akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu, bila sauti. Alifika ishirini na tatu. Mama aliutazama ule uzi. Aliujua, ulikuwa wa rola yake mwenyewe, namba arobaini. Nilingoja aseme mimi si mtoto wake. Alisema, "Umefunga vibaya. Fundo la mwisho litafunguka." Kisha akaushika, akalikaza.

Baada ya hapo alijibu kila kitu. Hata alijibu maswali ambayo hakuulizwa.

Wamempiga picha ya tumbo, wakaona utando wa ndani umekuwa mnene kuliko inavyofaa. Wamechukua kipande kidogo wakakipeleka maabara. Daktari alieleza kwamba huenda ni uvimbe tu usio na ubaya, au ni seli zilizobadilika, au ni kansa. Alilitaja neno hilo kama maneno mengine. Majibu ni baada ya wiki mbili.

Kwenye benchi la kungojea nilimwomba Mama msamaha kwa kuhesabu vitambaa vyake. Akasema, "Nilikuwa nashangaa mbona hukunjwa vizuri kuliko nilivyoviacha." Hatujaongea kuhusu kikopo. Naona anataka kuanza na anashindwa, na mimi sijui kumsaidia. Kanisani bado nakaa safu ya nyuma.

Nimekuwekea jilbabu kumi na mbili. Hakuna iliyokaliwa. Stima ilipopotea niliziwekea Biblia na kamusi juu.

Mwihaki

*

Hospitali, wodi ya wanawake,
Jumatatu, 12 Mei 2025

Bi Zainab,

Salamu. Hii nimeandika mwenyewe. Nimekopa miwani ya mama wa kitanda ya jirani, anaitwa Mama Mutinda, na anaitaka kabla ya chakula, kwa hivyo sitaandika mingi. Usiangalie Kiswahili yangu, si ya Pwani.

Kesho asubuhi wananipasua. Wanatoa nyumba yote ya watoto. Daktari Mutie alisema seli ni mbaya, lakini kwa vile anaona kwa picha bado hazijatoka nje ya ukuta. Alisema watajua vizuri wakishafungua. Nilimuuliza kama nimechelewa. Akasema nimechelewa kidogo na nimefika. Hiyo jibu nimeishika, sijui kama ni nzuri ama mbaya.

Naogopa. Nakuambia wewe kwa sababu Mwihaki akija nasema siogopi, na yeye anajifanya ameamini.

Jumapili kabla ya kulazwa nilisimama mbele ya wanawake. Hawakuwa wameniita, nilisimama tu. Niliwaambia mimi mjane wa miaka hamsini na saba nimetokwa na damu tangu Desemba, sikuwa na mwanamume na sikutoa kitu, nilikuwa mgonjwa na nikaona haya. Niliwaambia yule msichana mliona na kikopo alienda kuniulizia mimi, akasingiziwa, na mtu wa kwanza kumsingizia ni mama yake. Mama Norman alianza kuimba ndio ninyamaze. Nikamwambia aketi, bado sijamaliza. Sijui kama watanirudishia kiti. Wawili walinifuata mpaka kwa geti, kila mmoja peke yake, wakaniuliza kwa sikio hiyo kliniki inafunguliwa saa ngapi.

Mwihaki alikuwa safu ya nyuma. Nilitaka kumwangalia nikisema na sikuweza. Niliangalia ukuta. Hiyo bado iko mbele yangu, nikiamka nitaifanya.

Atakuletea jilbabu moja nyeupe. Hiyo nimeshona mimi, pindo na kila kitu, wiki iliyopita, nikiwa nimekaa kwa kiti tupu. Ni ya yule mama alirudisha. Najua ulimpa nyingine, lakini mpe.

Mwezi wa pili uliniandikia karatasi ukiuliza damu imetoka wapi. Uliniuliza mimi, ukajibiwa na mtoto. Mwihaki amenisomea hiyo karatasi juzi, yote, mpaka mwisho.

Imetoka kwangu.

Muthoni